Nenda Kaloleni

Kayole nzima, kuanzia Spine Road hadi kule nyuma kwenye machimbo ya mawe, hakukuwa na mtu aliyejua kuomba kama Patrobas Kweyu. Jumatano jioni akisimama mbele ya kanisa, akavua koti na kulitundika kwenye kiti, akina mama walijua kwamba chakula cha watoto kitachelewa. Angeanza na mbingu, ashuke kwenye serikali, apitie hospitali na magereza, aingie shuleni, amalizie na wajane wa mtaa mmoja mmoja kwa majina, na katika yote hayo asirudie sentensi. Wageni waliambiwa mapema wasiondoke kabla ya kumsikia Mzee Kweyu.

Mkewe, Norah, hakufanana naye hata kidogo. Alikuwa fundi wa kushona sare za shule, na maombini aliinamisha kichwa, akaweka mikono mapajani na kutulia hivyo mpaka mwisho. Kwa miaka ishirini na miwili ya ndoa yao Patrobas aliamini kwamba mkewe husinzia. Hakuwahi kumkemea. Alijiambia ni uchovu wa cherehani.

Mwezi wa pili mwaka wa tisini na sita kanisa liliingia kwenye mfungo wa siku ishirini na moja, na mchungaji akamwalika mhubiri kutoka Kakamega, mama mmoja mwembamba mwenye miwani na sauti ndogo. Mama huyo alikuja na sharti moja tu. Kila atakayeomba, akimaliza, abaki kimya kwa muda uleule aliotumia kusema, na kanisa zima likae kimya pamoja naye. Watu walitabasamu wakamtazama Patrobas.

Patrobas aliomba dakika thelathini na tano. Kisha kimya kikaanza. Dakika ya tatu shingo ilianza kumwasha. Ya tano alisikia moyo wake mwenyewe ukipiga, akakohoa ili asiusikie. Ilipofika ya saba alinyanyuka, akamnong'oneza mchungaji kwamba anakwenda kuona kama maji yamefika, akatoka nje, akasimama kando ya tangi lililokuwa limejaa tangu asubuhi. Hakurudi ndani mpaka waliposhika wimbo.

Nyumbani, walipokuwa wakifungua mfungo kwa uji, Norah aliweka kikombe chake chini.

"Baba Mourine," alisema, "nataka kukuuliza neno, na usikasirike. Unajua ni tangu lini maombi yako yamekuwa marefu?"

Patrobas alijibu kwamba hicho ni kipawa, alikuwa nacho tangu ujana. Norah akatikisa kichwa. Alimkumbusha kwamba walipooana aliomba kama watu wengine wote, maneno machache, na mara nyingine aliishia katikati akacheka kwa kusahau. Maombi yalirefuka mwaka wa tisini na mbili, mwaka wa ile ajali ya kiwandani alikokuwa akifanya kazi.

"Tangu mwaka ule hujanyamaza mbele za Mungu hata dakika moja," alisema. "Unasema, unasema, halafu amina, halafu unasimama. Mimi niko kando yako, nimeona."

Patrobas, kwa kuwa neno hilo lilikuwa limemchoma, alisema kwamba yeye angalau halali maombini. Norah alicheka, kicheko cha mtu ambaye amesubiri jambo hilo lisemwe kwa muda mrefu.

"Silali, mume wangu. Mimi husikiliza."

Usiku ule usingizi haukuja upesi, lakini kulipokucha Patrobas alikuwa ameshaamua. Yeye ni mzee wa kanisa. Haiwezekani mkewe awe na kitu katika maombi ambacho yeye hana. Alimwomba amfundishe. Norah alikubali, ila alisema hakuna mengi ya kufundisha. Wangeamka nusu saa kabla ya yeye kwenda kazini, wasome mistari michache ya Maandiko, kisha Patrobas amwambie Mungu jambo moja tu, kwamba yuko tayari kusikia, na baada ya hapo afunge mdomo.

Asubuhi ya kwanza alisikia kila kitu isipokuwa Mungu. Alisikia redio ya jirani wa juu, ndoo zikigongana kwenye ngazi, mtu akipiga mswaki na kutema mate kwenye beseni la bombani. Mawazo yalimjia makundi kwa makundi: mabati ya nyumba ya mama yake kule Butere, soli ya kiatu, mchezaji aliyekosa penalti. Alipomlalamikia Norah, aliambiwa asipigane nayo. Yakija ayaache yapite, kisha arudi alipokuwa, kama mtu anayemsubiri mwenziwe sebuleni na hana haja ya kukimbilia dirishani kila gari linapopita.

Wiki mbili zilipita hivyo. Patrobas alikuwa mkaidi, na ukaidi ule safari hii ulimsaidia. Wiki ya tatu kelele za nje zilibaki vilevile, lakini ndani yake kulianza kutulia. Ndipo asubuhi moja ya Jumanne, bila onyo, likaja jina. Odongo.

Alifumbua macho kwa ghafla. Kisha akafanya alichozoea: alianza kuomba kwa sauti, akimkemea Shetani mshitaki wa ndugu, akifunika nyumba yote kwa damu ya Yesu. Norah alimwacha amalize, halafu akamuuliza ni nini kimemtisha. Patrobas alisema si kitu, akavaa akaenda kazini. Siku ya pili jina lilikuja tena. Siku ya tatu likaja, na safari hii alilala chini pale sakafuni, kichwa juu ya mikono, akamsimulia mkewe jambo ambalo hakuwa amemwambia mtu yeyote kwa miaka minne.

Kiwanda chao kilikuwa cha sabuni, kule Industrial Area, na Patrobas alikuwa supavaiza wa zamu ya asubuhi. Boila, ule mtambo wa kuchemshia maji ya mvuke, ilikuwa mikononi mwa Odongo, mtu wa Ugenya, makini na mpole, aliyeifuta ile mashine kama mtu afutaye meza ya wageni. Siku mbili kabla ya ajali Odongo alimfuata Patrobas akamwambia kwamba valvu ya usalama inakwama, afadhali boila izimwe na fundi aitwe. Patrobas alimwambia ataliandika kwenye daftari la zamu. Hakuliandika. Wakubwa wa kampuni walikuwa wanakuja wiki hiyo, naye hakutaka wakute mitambo imezimwa chini ya zamu yake. Alhamisi bomba lilipasuka, na mvuke ukamuunguza mpakiaji mmoja kijana, Abdinoor, kutoka begani hadi kwenye vidole.

Kilipokaa kikao cha uchunguzi, meneja alimuuliza Patrobas kama Odongo alikuwa ametoa taarifa ya hitilafu ile. Patrobas akajibu, "Hakuniambia." Lilikuwa neno moja tu. Odongo alifutwa kazi siku hiyohiyo, na kiwanda kizima kikamhesabu kuwa ndiye aliyesinzia kwenye boila mpaka mtoto wa watu akaungua. Pale langoni, akiwa na gumbuti zake za mpira mkononi, Odongo alimgeukia Patrobas akasema bila hasira, "Nilikuambia, Kweyu." Akaenda zake.

Norah alisikiliza yote bila kumkatiza. Mumewe alipomaliza, hakumgusa wala hakumpa neno la faraja. Aliinuka, akasimama mbele ya dirisha, akampa mgongo. Patrobas aliogopa mgongo ule kuliko alivyoogopa kikao cha uchunguzi.

"Huyo mtu alikuwa na mke," hatimaye Norah alisema. "Nilimpa nguo za Mourine alipojifungua."

Patrobas alimwambia kwamba labda ni Shetani tu anayemtesa kwa mambo ya zamani. Mungu alikwisha kumsamehe. Alikuwa ametubu mara nyingi, kwa jumla, pamoja na dhambi nyingine. Norah aligeuka.

"Mimi huzitofautisha sauti hizo hivi," alisema. "Shetani anapokushitaki, anakuacha umelala hapo sakafuni, huna pa kwenda. Mungu akikuonyesha kosa, anakuonyesha na mahali pa kuanzia. Sasa muulize uanzie wapi. Halafu usimjibie."

Hapo Patrobas alikuwa na jibu tayari, kwamba Odongo alikwisha kurudi kwao Ugenya, kila mtu alisema hivyo, na hakuna namna ya kumpata. Lakini kesho yake aliuliza kama alivyoambiwa, na hakujijibu. Alikaa. Jirani alifungua redio, mtoto akalia, akanyamaza. Na katikati ya hayo, kwa utulivu, kama wazo ambalo si lake, likamjia neno: Nenda Kaloleni.

Hakulielewa. Katika mtaa wa Kaloleni, kando ya Jogoo Road, hakuwa na ndugu wala shughuli. Aliwaza kwamba labda ni kazi ya injili, kwamba anatumwa kuhubiri kwenye zile nyumba za zamani za Baraza la Jiji, na akaanza kutafuta mahubiri yanayofaa. Norah aliposikia alimwambia aende, ila aiache Biblia kubwa nyumbani na asihubirie mtu.

Jumamosi kabla ya adhuhuri Patrobas alishuka Jogoo Road, akaingia Kaloleni kwa miguu. Alijiona mjinga. Alipita kati ya nyumba za mawe zenye vibustani vya sukuma wiki, wazee wakicheza bao la ajua barazani, nguo zimeanikwa kwenye ua. Aliwasalimia watu, wakamjibu, akaendelea. Alizunguka mtaa mara mbili. Alipochoka aliamua kupumzika kidogo kwenye kivuli cha ukumbi wa jumuiya kisha arudi Kayole akamwambie mkewe kwamba alisikia vibaya.

Juu ya ngazi, akipaka rangi fremu za madirisha ya ukumbi, alikuwapo mtu aliyempa mgongo. Alipaka taratibu, akirudia pembe ambazo hakuna mtu angeziangalia. Patrobas aliujua mgongo ule kabla mtu yule hajageuka.

Alisogea mpaka chini ya ngazi. Kilichomjaa kifuani hakikuwa hofu peke yake. Ilikuwa ni mara ya kwanza maishani mwake kujua kwa hakika, bila shaka yoyote, kwamba kuna aliyemwambia neno, na kwamba alikuwa amelisikia sawasawa.

"Odongo," aliita.

Odongo aligeuka, akamtambua, akateremka ngazi hatua kwa hatua na mkebe wa rangi mkononi. Alikuwa amekonda na mvi zilikuwa zimemwingia. Hakutoa mkono. Patrobas alianza kusema maneno mengi kwa mazoea, kuhusu rehema na neema, kisha akajisikia, akayakata.

"Uliniambia," alisema. "Uliniambia juu ya valvu, nikasema nitaandika, sikuandika. Nikadanganya mbele ya meneja. Nimekuja kukuomba msamaha."

Odongo alitumbukiza brashi kwenye mkebe, akaikung'uta ukingoni. Alikaa kimya kirefu, na Patrobas, ambaye mwezi mmoja nyuma asingeweza, alikistahimili kimya kile mpaka mwisho.

"Hayo unayoniambia mimi nayajua," Odongo alisema hatimaye. "Nimeyajua miaka minne. Kawaambie wasiojua."

Kisha alimweleza, bila kupaza sauti, jinsi ilivyokuwa. Kila kiwanda alikoomba kazi ya boila waliuliza kule alikotoka, na kule alikotoka walijibu. Aliwapeleka mke na watoto nyumbani, yeye akabaki kwa kaka yake hapo Kaloleni akifanya vibarua. Abdinoor alimwona sokoni siku moja akavuka barabara kumkwepa. Hilo, alisema Odongo, ndilo lililomkondesha.

Jumatatu Patrobas alikwenda moja kwa moja kwa meneja. Meneja alimsikiliza akiwa amekunja uso, kisha akafunga mlango. Alimwambia mambo hayo yalikwisha, faili lilifungwa, na kulifungua ni kujitafutia matatizo yeye na kampuni pia. Alimshauri arudi kwenye zamu yake, amwombe Mungu wake msamaha kimyakimya.

"Ni yeye aliyenituma," Patrobas alijibu.

Alitoka pale akaenda kwa Luseno, katibu wa chama cha wafanyakazi, mtu mnene asiyependa kanisa wala wazee wa kanisa. Luseno alimfanya alisimulie jambo lote mara tatu, akiandika. Alipomaliza alimtazama Patrobas kama anayemwona kwa mara ya kwanza, akamuuliza kama anajua kwamba anaweza kupoteza kazi, hata kushitakiwa. Patrobas alisema anajua. Luseno aliitisha mkutano Jumamosi iliyofuata, saa nane mchana, na kwa kuwa kiwanda kilikataa kutoa uwanja wake, akaomba ukumbi wa Kaloleni.

Walikuja watu zaidi ya mia mbili. Madirisha yalikuwa yamekauka rangi. Norah alikaa safu ya pili, mikono mapajani. Odongo alisimama nyuma kabisa, karibu na mlango, kama mtu anayejiandaa kuondoka. Abdinoor alikuwa katikati ya wapakiaji wenzake, mkono wake wenye makovu umefichwa mfukoni, kama alivyouficha siku zote.

Patrobas alipopanda jukwaani wengine walidhani ameitwa kufungua kwa maombi, wakainamisha vichwa. Aliwaomba wainue macho. Alisema habari ile kwa maneno machache kuliko aliyowahi kutumia kwa jambo lolote: valvu, daftari, wageni wa kampuni, kikao, uongo. Hakujitetea wala hakuwalaumu wakubwa. Alimtaja Abdinoor kwa jina, akamwambia kwamba mkono wake uliungua kwa sababu supavaiza alitaka kuonekana mzuri. Alimtaja Odongo kwa jina, akasema kwamba katika kiwanda kile hakukuwa na mtu aliyeilinda boila kuliko yeye.

Manung'uniko yalianza mbele yakaenda nyuma. Mtu mmoja alimwita mnafiki, na Patrobas akaitikia kwa kichwa, maana ilikuwa kweli. Ndipo Abdinoor alipoinuka. Kijana alipita kati ya viti, asimtazame Patrobas kabisa, akaelekea mlangoni. Wengi walidhani anatoka. Alisimama mbele ya Odongo, akautoa mfukoni ule mkono wake wenye makovu, akamnyoshea.

"Mzee," alisema, "mimi nilivuka barabara. Nisamehe."

Odongo aliushika mkono ule kwa mikono yake yote miwili. Luseno ndiye aliyeanza kupiga makofi, makofi mazito ya mtu mnene, na mara ukumbi wote ulikuwa wima. Akina mama wa idara ya kufunga sabuni walipiga vigelegele. Wapakiaji walimwinua Odongo mabegani pamoja na viatu vyake vyenye rangi, wakamzungusha ukumbini, wakampitisha mbele ya madirisha aliyoyapaka kwa mikono yake, na watu wa mtaa waliokuwa nje wakaingia kuuliza ni nani amechaguliwa.

Patrobas alibaki peke yake jukwaani. Hakuna aliyempigia makofi, na hakuyahitaji. Norah alipanda akasimama kando yake, akamshika mkono mbele za watu, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu siku ya harusi.

Mambo ya ofisini yalichukua wiki tano. Luseno alipeleka karatasi zake, wafanyakazi wakasema hawawashi mashine mpaka wajibiwe, na kampuni ikaona kwamba ni rahisi zaidi kutenda haki. Odongo aliandikiwa barua ya kumsafisha jina, yenye muhuri, akarudishwa kwenye boila. Patrobas alivuliwa usupavaiza, akapelekwa idara ya kufunga sabuni, chini ya binti mmoja aitwaye Wangu, mwenye umri wa kuwa mwanawe, aliyemkemea siku ya kwanza kwa kupanga katoni kichwa chini. Kanisani pia alisimamishwa uzee kwa muda. Jumatano aliketi kando ya mkewe, na wale waliozoea kumsikia walimwona ameinamisha kichwa. Mchungaji alimuuliza baadaye kama hasikitiki. Patrobas alimwambia, kwa kweli kabisa, kwamba hajawahi kuomba vizuri namna ile.

Asubuhi Odongo aliporudi kazini, watu wa zamu zote mbili walikusanyika uwanjani wakingoja. Alikuja amevaa ovaroli mpya iliyoshonwa na Norah, mkewe na watoto wakiwa wamefika kutoka Ugenya siku mbili kabla. Aliizunguka boila mara moja, akaigonga hapa na pale, akajaribu valvu kwa mkono wake, akaiandika kwenye daftari yeye mwenyewe. Kisha akawasha. Mshale wa geji ya mvuke ulipanda polepole. Mvuke mweupe ulitoka juu ya paa, ukapaa katika jua la asubuhi, na king'ora kikalia mpaka kikasikika ng'ambo ya reli. Watu walishangilia, wakaingia kazini wakiimba.

Saa ya chakula Patrobas alikuwa ameketi juu ya katoni na bakuli lake la githeri, mahindi na maharagwe, aliposikia mtu akivuta katoni nyingine. Alikuwa Odongo. Alikaa, akafungua chakula chake, wakala. Kisha Odongo akauliza siku ile, pale Kaloleni, ni nani aliyemwelekeza kwake, maana hata kaka yake alikuwa akiwaambia watu kwamba yeye hayupo Nairobi.

Patrobas alitafuna, akameza, akamweleza kila kitu, tangu tangi la maji kanisani hadi ile asubuhi ya redio ya jirani. Odongo alisikiliza, kijiko kimesimama hewani.

"Alikuambia Kaloleni," alisema polepole. "Kwa jina."

"Kwa jina."

Odongo aliangalia moshi wa boila yake ukipanda juu ya mabati. Uso wake ulifunguka kama wa mtu aliyepata habari kwamba miaka yote ile, juu ya ngazi na brashi mkononi, kulikuwa na aliyejua hasa yuko wapi. Akacheka, kicheko kikubwa kilichowageuza wafungaji sabuni wote, akamwongezea Patrobas kipande cha samaki kwenye bakuli lake.